Somo la Taya, Mbudya

"Legeza taya," anasema Nasra.
"Si kifua, taya. Ulimi uache ulale
kama paka wa Feri aliyeshiba dagaa."

Vuta kwa tumbo. Toa polepole
kama unapoza uji wa mtoto.

Jana, mita sita tu, masikio yakanirudisha juu.
"Umeshuka na bosi wako," akacheka,
"na kodi ya Sinza, na foleni ya Mwenge.
Kamba haibebi umati huo."

Leo nimewaacha wote kwenye boya.
Nashuka. Kamba naishika bila kuikaba.
Tumbo linabisha hodi;
silikaribishi, silifukuzi.

Mchanga.
Pweza ananitazama,
hana haraka,
na mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii,
sina.