Jiwe la Mizani

Dukani Langoni nilikunjua kanga.
Bastola ya babu: kutu, rangi ya hina ya juzi.

Sonara Famau akaisugua kwa limau.
Likatoka taji. Ukatoka mshale. Ukatoka mwaka, kumi na sita.
"Ya jeshi la Mwingereza. Na hiki kipete cha kitako
ni cha kamba, afisa asiipoteze."

Babu hakuwa afisa.
Aliwabebea masanduku hadi Rufiji,
akarudi na bega moja limeshuka,
hakusimulia.

Famau akaivunja kiunoni. Matundu sita:
matano matupu, meusi;
la sita, risasi imegandia humo.

"Bei?"

Akaiweka mizanini, penye herini za maharusi,
akaongeza jiwe, akaongeza, akayaondoa yote.
"Chuma hakina neno, mia tatu.
Hii asiyoipiga,
sina jiwe lake."