Zimwi Tulijualo

Jumanne usiku, Hachinohe, theluji hadi magotini.
Duka la kufulia nguo halifungwi.
Mashine saba za kukaushia zinazunguka,
na joto lake ni la bure kwa ajuaye kukaa kimya.
Sisi hatujui.

Tuko wanne kwenye benchi la plastiki,
kila mtu na kidude chake mkononi,
kioo kisichozidi kipande cha mkate.
Ndani ya kioo, bonde; ndani ya bonde,
zimwi lenye mgongo wa mawe
na mkia mpana kama mlango wa ghala.

"Limelainishwa," anasema Ibuki, kichwa hakiinui.
"Zamani ulinoa upanga umechuchumaa, mgongo wazi.
Ukinywa dawa, unasimama kama mlingoti
huku lenyewe linakuja.
Sasa vimulimuli vinakuonyesha njia,
dawa unakunywa mbioni.
Huu si uwindaji. Huku ni kwenda sokoni."

Ibuki ana miaka ishirini na mbili.
Hiyo zamani yake alikuwa darasa la nne.

Bwana Kurebayashi aliendesha treni miaka thelathini na minne.
Tangu kiharusi, vidole viwili vya kulia havikunjiki.
"Anayetaka kuteseka," anasema,
"aje kwangu na koleo, paa limejaa theluji.
Mimi nataka kupanda juu ya joka, nilione bonde lote,
nifike nyumbani kabla ya saa nne."

"Basi katazame filamu!"

"Filamu hainiulizi niende wapi."

Natsuno amenyamaza, anatafuna mfuniko wa kalamu.
Halafu: "Mmewahi kulitazama likichoka?
Linachechemea. Mate yanalitoka.
Linarudi kwenye kiota chake, linajikunja, linalala.
Na sisi tunalifuata na mapipa ya baruti,
tunayapanga kichwani pake taratibu, kama wauguzi.
Kisha mnakaa hapa kubishana
kama kazi ni nyepesi au nzito."

"Ni tarakimu," anasema Ibuki. "Halina damu."

"Ndiyo maana unalichuna ngozi upate kofia
ya kukufaa kuliua jingine."

Mashine ya nne inalia, hakuna anayeinuka.

Mimi hawajaniuliza, nami sina hoja ya kujivunia:
napenda kuchoma nyama kambini.
Kuna sekunde moja tu ya kuiepua,
ukichelewa ni mkaa.
Mume wangu alipoondoka alibeba televisheni
akaniachia hiki.
Nyama yangu haijaungua tangu Oktoba.

Zimebaki dakika nne. Bwana Kurebayashi ameanguka mara mbili;
akianguka ya tatu, tumekwisha sote.
Na nani huyu anayeruka mbele ya mkia, ngao juu,
akimrushia mzee unga wa kuponya,
unga uleule aliouita wa watoto wachanga?
Hatusemi kitu. Ibuki masikio yamemwiva.

Zimwi linachechemea. Linajikunja. Linalala.
Mapipa sita tayari.
Natsuno anasogea, anainua baragumu lake
na kulipuliza sikioni mwa zimwi.

Linaamka.

Mkia unapita mara moja, kama fagio.
Bwana Kurebayashi, ya tatu. Kioo cheusi.

Ibuki anatukana kwa lahaja ya bibi yake,
ambayo hutumia tu akiumia kweli.
Natsuno anasema, "Angalau limetuona."

Wahenga walisema zimwi likujualo
halikuli likakwisha.
Hili letu linatujua: anayekimbilia kushoto daima,
anayenywa dawa mapema, anayesahau kunoa.
Limeshatula mara mia na ushei,
na kila Jumanne linasaza kipande
cha kutosha kubishana.

Nguo zimekauka. Shuka la mzee ni pana,
na vidole vyake havishiki ncha.
Ibuki anadaka upande wa pili, bado amenuna,
wanarudi nyuma hatua mbili, wanakutana, wanarudi tena.

"Vimulimuli," anasema Ibuki, kama anatema kokwa.

"Vuta vizuri," anasema mzee. "Umepinda."