Daftari la Ndoo

Nyuma ya mlango wa jikoni, ghorofa ya nne, Kayole,
kuna ndoo tatu za rangi zilizooshwa hadi zikasahau rangi.
Kwenye vifuniko nimeandika kwa wino mzito:
USIGUSE. YA SIKU ILE.

Siku ipi? aliuliza Kyalo, mswaki mdomoni, akicheka.
Sikumjibu. Mama yangu pia hakuipa jina.
Aliniambia tu kwamba mwaka wa mahindi ya manjano,
yale yaliyokuja na meli,
alijifunza sauti ya kikombe
kinapokwaruza chini ya mtungi.
Ukishaisikia, alisema,
hata ukishiba unaendelea kuisikia.

Nilianza na gorogoro moja ya maharagwe kutoka Nyamakima,
nikiikodolea macho, maana muuzaji alishalibonyeza kopo kitako.
Mwisho wa mwezi ndengu. Kisha muthokoi,
nikauchanganya na majivu na pilipili kavu
ili fukusi wakija wapige chafya warudi kwao.
Unga wa wimbi. Chumvi. Majani ya chai.
Omena niliyoianika upya juu ya paa
nikiilinda kwa mpini wa ufagio
dhidi ya paka wa Mogire, mlinzi wa ploti,
ambaye hajawahi kulinda chochote.
Kiberiti ndani ya chupa. Mitungi miwili ya maji,
kwa kuwa mfereji wetu hukohoa Jumanne
na Jumatano hukata roho.

Na daftari. Kurasa thelathini na mbili,
jedwali la kuzidisha mgongoni.
Kitokacho kiandikwe, aliyetoa atie sahihi.
Nilitaka kujikopesha kama benki,
bila huruma.

Usiku huu stima zimepotea, nalisoma kwa tochi ya simu.

Machi 9. Maharagwe vikombe viwili. Mshahara wa Kyalo bado.
Machi 12. Maharagwe kikombe kimoja. Bado.
Aprili, tarehe imelowa: ndengu zote.
Maji yalipanda hadi ngazi ya tatu,
tukapikia na wa nyumba namba mbili
waliopanda kwetu na godoro na kuku mmoja,
kuku ambaye hakuna aliyethubutu kumtaja.
Juni. Maduka yamefungwa, moshi wa matairi dirishani.
Muthokoi, nusu. Omena, yote.
Hapo nikasema, ndiyo hii sasa, imefika.
Kumbe kesho yake mwenye kibanda akafungua
akauza sukuma wiki kana kwamba jana haikuwepo.
Julai 2. Chumvi, kijiko kimoja. Kyalo:
amesaini jina lote, la baba na la babu,
kama mtu anayechukua mkopo wa trekta.

Basi siku ile nimekuwa nikiila kwa vikombe.
Nilidhani itakuja na king'ora.

Nafungua ukurasa. Penseli. Herufi zimeegemeana:

*Agosti 14. Unga wa wimbi kikombe 1. Mama amelala na viatu.
Hataki kusema. Nimepika uji. Sukari hakuna.
Nitarudisha nikiwa mkubwa. Ndinda.*

Agosti kumi na nne.
Geti la kiwanda, bahasha ya kaki, sisi thelathini juani,
karani akisoma majina bila kuinua kichwa.
Jinsi nilivyofika nyumbani, sijui.
Uji nakumbuka: ulikuwa na madonge,
ulikuwa umeungua kidogo chini,
niliunywa wote nimeutazama ukuta,
na hadi leo nilidhani aliyepika ni Kyalo.

Miaka minane. Alipanda stuli
akaondoa kifuniko kilichoandikwa usiguse,
akajua kusoma,
akagusa.

Nimezima tochi, nimewasha tena.
Chini ya sahihi yake nilitaka kuandika neno, nikakosa.
Nimegeuza tu ukurasa, nikaanza orodha ya kesho:
Wimbi, gorogoro moja.
Ndengu, bei ikikubali.
Sukari.
Mwaka mzima wa kujiandaa,
na sukari haikunijia akilini.