Mkaa wa Mzabibu

Februari, baba alipopogoa mizabibu yetu ya Kvareli,
nilifuata nyuma nikiokota vijiti,
nikavishindilia katika kopo la kahawa,
nikaziba kwa udongo, nikaliacha motoni usiku kucha.
Asubuhi nilipovigonganisha vililia kama glasi.
Ndiyo dalili: vimeiva.

"Kaa hapa dirishani," nikamwambia.
Akakaa kama anayengoja kung'olewa jino.

Vazha, miaka sabini na minne.
Hakulia tulipomzika Badri. Hakulia arobaini,
wala siku ile viatu vya Badri vilipoletwa
ndani ya mfuko wa plastiki, kamba bado zimefungwa.
Watu walisema, yule ni jiwe.
Mimi nami nilisema.

Nilianza na nyusi, maana nyusi hazibishi.
Kisha nikalaza kijiti ubavu, nikaburura,
kivuli kikamjaa shavuni kabla sijaipata pua.
Mkaa hauna adabu ya penseli,
haubishi hodi; unaingia na viatu vyake vichafu.
Penseli ingemwuliza umri.
Mkaa ulimwuliza huwa analala saa ngapi.

Mdomo ulinishinda.
Mara ya kwanza ukawa wa mtu mwenye njaa,
mara ya pili wa mjomba Zaur, akidai deni.
Nikamega mkate, nikaufinyanga kama nta, nikafuta.

"Mkate huo!" akafoka. "Mama yako kaukanda alfajiri,
wewe unapangusia masizi!"
Na palepale, akikemea, kidevu kikamcheza.
Kidogo tu,
kama maji ya ndoo lori likipita barabarani.
Sikuinua macho. Mkono ulishaona.

Alipokuja kutazama alisimama kitambo.
Hakusema ni yeye, hakusema si yeye.
Aligusa chini ya jicho, pale nilipofuta,
peupe, pasipo na kitu,
kidole chake kikaacha doa.

"Hapa ulisahau," akasema.
Akaliokota lile tonge la mkate, jeusi, limekauka,
akalitia kinywani, akatafuna taratibu
akitazama nje.

Picha sijaipulizia dawa ya kuushika mkaa.
Mlango ukibamizwa, vumbi jembamba linadondoka sakafuni,
uso unapungua.
Mama anasema nitaipoteza.

Asubuhi baba hupita mbele yake na mkasi wake wa kupogolea,
hatazami ukutani,
ila siku hizi mlango anaufunga polepole,
kwa mikono miwili.