Upondo, Mbwa na Mto Bubu

Upana wake ni kiti kimoja cha daraja la tatu,
urefu wake viti vitano na pa kunyooshea miguu.
Napima hivyo kwa mazoea: miaka thelathini na moja
nilikata tiketi za watu stesheni ya Bahi,
nikapeperusha bendera ya kijani,
wakaondoka wao, nikabaki mimi.

Siku ya kustaafu niliulizia nauli ya kwenda popote,
mimi na mbwa.
Kijana aliyerithi kiti changu akafunua kitabu:
"Mbwa haruhusiwi behewani, mzee. Wewe karibu."
Basi mafao yakaenda kwa fundi Ndahani,
mabati, misumari, lami ya kuziba matundu,
na mtaa mzima ukasema Malogo karukwa na akili,
chombo cha majini, Dodoma hii!

Lakini Januari Mto Bubu hufika bila hodi.
Jina lake Bubu, na kweli hausemi:
unalala mbuga kavu,
unaamka matete yamesimama majini hadi kiunoni.

Ndipo tunaondoka. Mimi nyuma na upondo,
yeye mbele, ulimi nje, anasoma harufu.
Katikati yetu jiko la mkaa, godoro la inchi tatu,
unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye kopo la rangi.
Mwendo wetu ni wa pole
hata kambale mmoja alitusindikiza tangu alfajiri,
mchana akachoka kutungoja.

Kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga pana lango la chuma,
funguo zake ziko kiunoni mwa Sechelela.
"Lango hili la mpunga," anasema, "si la watembezi."
Nampa perege wawili.
Anazungusha gurudumu, maji yanapanda,
nasi tunapanda nayo taratibu
kama maziwa yanayotafuta mdomo wa sufuria.
"Mbwa wako anaitwaje?"
"Shauriyako."
"Nimekuuliza kwa heshima, baba."
Mbwa kasikia jina lake, anatikisa mkia,
na Sechelela anacheka hadi funguo zinalia.

Usiku kamba yetu iko kwenye mgunga.
Mbali, treni ya mizigo inakata giza.
Nahesabu mabehewa kwa mlio: ishirini na mawili.
Baada ya la mwisho Shauriyako hubweka mara moja tu,
kama mtu anayegonga muhuri.

Agosti maji yameondoka, hayakuaga.
Mtumbwi umekaa juu ya udongo uliopasuka,
mstari wa chumvi ubavuni
unaonyesha tulipokuwa tukielea.
Tunakwenda dukani kwa miguu.
Njia ya mkato ipo, dakika ishirini, wote wanaipita.
Shauriyako haitaki.
Anafuata mfereji mkavu, kona kwa kona,
anafika langoni, lango liko wazi, mwenye funguo hayupo,
anakaa chini,
anasubiri tupandishwe.

Nami niliyechelewesha treni maisha yangu yote
kwa dakika nne tu, tena kwa sababu ya ng'ombe,
naweka kikapu chini,
nakaa kando yake.