Kila Faili Ianze Sifuri

Ulises ameandika kutoka Valparaíso, mistari minne, hana salamu ndefu:
Tuma kavu. Bila mwangwi, bila marashi.
Usipige msasa, hiyo kazi niachie.
Kila faili ianze sifuri.

Basi usiku huu, jikoni, mjini Castro,
mvua ikibisha juu ya bati kama mdai asiyechoka,
nasogeza kompyuta karibu na jiko la kuni
nianze kuwavua nguo watu watatu,
mmoja wao mimi.

Kwanza majina.
Ee Nolfa, nani alikufundisha kubatiza?
"Kodiani mwisho." "Kodiani mwisho kabisa."
"Kodiani mwisho kweli sasa."
Na moja, ya saa tisa usiku, mwezi wa Juni: "Rosamel acha hasira."
Nafuta. Naandika: sifuri tatu, kodiani.
Hasira yenyewe imebaki ndani, ubeti wa pili,
pale anapovuta mvukuto kama anayebamiza mlango.

Kisha sauti yangu.
Niliivika mwangwi wa kanisa kubwa,
nikauzoea, hata nikaamini kanisa ni langu.
Nazima kitufe.
Kumbe ni mwanamke mmoja kabatini, katikati ya makoti ya sufu,
midomo inanata,
pumzi inakwama kwenye neno "kurudi",
na noti moja ya juu imegusa wekundu,
imepasuka ukingoni kama kikombe cha mama mkwe.
Nateremsha sauti. Mpasuko unateremka nao, mdogo, mzima.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Naandika pembeni: naijua hiyo, Ulises, samahani.

Mbwa wa jirani anabweka nje ya mapigo. Namfuta.
Kikohozi nakifuta.
Kiti cha Rosamel kinalia;
nimekisikiliza mara kumi na moja.
Kinalia kabla ya kila kiitikio,
kwa kuwa yeye huinama mbele ndipo avute.
Kiti nakiacha.

Sasa Ermelinda.
Ngoma yake inaingia dakika ya tatu na sekunde kumi na mbili,
mapigo manne: du, du, du,
du.
Kazi imekwisha.
Mkono wangu ulishashika mkasi. Nani hutuma dakika tatu tupu?
Lakini faili iliyokatwa haijui kwao.
Ulises ataifungua, ataipanga mwanzoni,
na ngoma ya msiba italia harusini.

Nairudisha nzima, naongeza sauti,
nasikiliza hizo dakika tatu.
Si tupu.
Ermelinda anahesabu kwa kunong'ona, anapotea, anaanza tena moja.
Anavua kiatu cha kushoto.
Anafyonza chai ya majani kwa mrija, polepole,
kama mtu aliyepewa jioni nzima.
Halafu, kumwambia nani sijui:
"Bado. Bado kidogo."
Miaka sita tumepiga pamoja,
sikujua kwamba anavua kiatu.

Saa saba. Faili tisa, folda moja,
tempo themanini na nne, nimeiandika mara mbili asije akakisia.
Napakia.
Intaneti ya kisiwa hiki hutembea kwa mkongojo:
asilimia kumi na nne. Kumi na nne.
Kumi na tano.
Nikingoja nasoma safu ya uzito,
nasoma tena, nafuta kioo kwa kiganja:
mimi niliyeimba toka mwanzo hadi mwisho bila kutua,
na Ermelinda wa mapigo manne,
tuna uzito mmoja, megabaiti kwa megabaiti.

Kwenye sitini na moja umeme unakatika.
Jiko limebaki jekundu. Mvua haikujali.
Nakaa gizani,
kiatu cha kushoto nimekivua,
sijui tangu saa ngapi.