Ukuta wa Nne

Ukumbi wetu wa Majengo una kuta tatu.
Wa nne uliondoka na lava
mwaka ule mlima ulipoamua kushuka mjini,
na parokia haijapata pesa za kuurudisha.
Kwa hiyo mwalimu Ndoole alipoanza somo,
akasema, "Kila jukwaa lina ukuta wa nne,
hauonekani, hadhira huchungulia kupitia humo,"
tulicheka hadi Kahindo akashika mbavu.
Mwalimu, ukuta huo tunaujua.
Mbuzi wa Mama Siuzike hupitia humo.

Akaandika ubaoni, chaki ikikatika:
Jukwaa. Letu ni jiwe jeusi lililopoa,
lina mikunjo kama shuka la mgonjwa,
ukivaa kandambili linakung'ata kisigino.
Maleba. Yaani nguo zisizo zako kwa saa moja:
koti la marehemu baba yake Paluku,
bado linanuka tumbaku,
na kitenge cha mama yangu, kwa sharti kisiguse masizi.
Kinaya. Hapo akakwama, akakuna kichwa.
"Kinaya ni pale hadhira inajua
na mhusika hajui."
"Kama mjomba," akasema Sikuli,
"aliyepaka nyumba rangi Jumatatu,
mlima ukaja Alhamisi."
Mwalimu akaweka chaki chini.

Mimi sikupata nafasi ya kuigiza. Sauti yangu, walisema,
ni ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Nikafanywa mkumbushaji:
kukaa nyuma ya turubai la buluu,
daftari mapajani, tochi mdomoni,
kumrudishia aliyesahau neno lake
kwa sauti hiyohiyo ya chumvi.
Nikaushika mchezo mzima,
maneno ya mfalme, ya mjane, ya askari wawili,
hata maelekezo yaliyofungwa kwenye mabano
ambayo hayasemwi na mtu:
anaingia. Anasita. Anaondoka bila kuaga.
Hayo ndiyo niliyoyasoma mara nyingi.
Nilikuwa na kaka
aliyeyafuata neno kwa neno.

Siku ya onyesho watu walikuja na viti vyao.
Mwenye chukudu mmoja, mzigo wa makaa mgongoni mwa gari lake la mti,
akaegesha palepale ukuta ulipopaswa kuwa,
akaegemea usukani, akatazama.
Tendo la kwanza lilikwenda.
La pili, umeme ukakatika, nani angeshangaa,
simu zikawashwa, themanini labda,
na Paluku, mfalme, ndani ya koti la babake,
akafika kwenye kilele, mwana anampa kisogo,
akasahau.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi:
Mlango nimeuacha wazi, mwanangu.
Maneno manne tu.
Nikafungua kinywa, tochi ikaanguka,
na sauti ikakataa kwenda kuomba chochote kwa yeyote.
Kimya. (Nacho ni istilahi,
mwalimu alisahau kukiandika.)
Kikakaa, kikanenepa, mtoto akakohoa,
mbuzi akalia mbali.

Ndipo mwenye chukudu, kutoka kwenye ukuta usiokuwepo:
"Mzee, si umwite! Anakwenda huyo!"

Paluku akageuka. Hakumtazama mwana wa mchezo,
alimtazama yeye, uso mweusi kwa vumbi la makaa,
akasema: "Rudi. Sombe bado ya moto."
Kwenye daftari hakuna sombe.
Mfalme gani anakula sombe?
Lakini wamama wa safu ya mbele walishika midomo,
na mimi, nyuma ya turubai,
nililia kwa sauti ambayo wangenipa nafasi kwayo.

Mwalimu alikasirika kidogo, kisha akaniambia niuandike.
Niliuandika kwa penseli, pembeni, nje ya mabano.
Nilipotoka kumtafuta yule mtu
alikuwa ameshateremka kuelekea Birere.
Makaa matatu yalidondoka pale alipoegesha.
Niliokota moja.
Limo daftarini mpaka leo,
limechafua tendo lote la tatu.